Tuisheni ya hisabati: angalia nani ameshika kalamu

Usimuulize mtoto tuisheni ilikwendaje. Fungua daftari lake. Ukikuta maswali 20 yote yana tiki na hakuna mstari hata mmoja uliokatwa, ujue kazi ilifanyika ubaoni, yeye akanakili. Daftari la anayejifunza hisabati huwa na vurugu kidogo.

Njia za mkato ndizo zinazoharibu. Chukua 3x + 7 = 22. Mtoto aliyekaririshwa "namba ikivuka alama ya =, badilisha alama yake" ataandika vizuri 3x = 15, kisha ataivusha 3 na kupata x = 15 − 3, yaani 12. Kanuni aliyopewa ameifuata; tatizo ni kwamba haikumwambia 3 imezidishwa, haikujumlishwa. Mrudishe kwenye mizani: toa 7 pande zote mbili, gawanya pande zote mbili kwa 3, halafu 5 irudishwe kwenye swali ihakikiwe.

Ukitaka ubunifu, geuza swali. Badala ya kumpa urefu na upana atafute mzingo, mpe mzingo wa sm 24 atafute mstatili. Waliozoea kukimbiza mapepa (mitihani ya miaka iliyopita) watasema swali halijakamilika. Waache wahangaike. Kwa namba nzima iko mistatili 6, kuanzia 11 kwa 1 hadi 6 kwa 6 (mraba nao ni mstatili, wabishane hapo). Upi una eneo kubwa? Maeneo ni 11, 20, 27, 32, 35 na 36. Akigundua mwenyewe kwamba yanapanda kwa 9, 7, 5, 3, 1, muulize kwa nini, na ufunge mdomo.

Kipindi cha dakika 90 kianze na dakika 15 za makosa ya juzi, bila ufutio. Swali jipya akae nalo peke yake dakika 7. Akikwama, mwulize anachokijua tayari, usimwandikie hatua. Mapepa yaje mwishoni. Kwa watoto 40 sebuleni hili haliwezekani, 6 wanatosha.

Mwalimu anayetangulia mada za shule naye ni hasara: mtoto huingia darasani akiwa na jibu bila sababu yake, akaacha kusikiliza. Na kwa mzazi anayehofia mtihani: Basic Mathematics ya kidato cha nne ina maswali 14 ya alama 6 au 10, na hatua zina alama zake. Aliyezoea kunakili hukwama hatua ya pili.