Jibu: Mbona Europa wa Claude Lorrain anaonekana ametulia?

Mkuu, umeuliza kwa nini mchoro wa Claude Lorrain, msanii Mfaransa wa karne ya 17, wa kutekwa kwa Europa, binti mfalme wa hekaya za Kigiriki (1634), ni mtulivu hivyo wakati kisa chenyewe ni cha binti kuibwa. Mimi naupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Jupiter, mfalme wa miungu ya Kirumi, amejigeuza fahali. Kwa masimulizi ya Ovid, mshairi wa Kirumi, binti mfalme alimwogopa kwanza, kisha akamlisha maua, akamvika mashada kwenye pembe, mwishowe akampanda mgongoni. Claude kaukamata wakati huohuo: Europa ameshakaa juu ya fahali, wasichana wenzake wako karibu, na bado hakuna aliyepiga yowe. Wao hawajui kitakachofuata. Wewe unajua, na hofu yote inakuangukia wewe unayetazama. Ile bahari tulivu ndiyo njia atakayopitishwa hadi kisiwa cha Krete!

Ukipata picha yenye ubora, ikuze uangalie mistari. Hii ni chapa, yaani picha iliyopigwa kwa wino kutoka bamba la shaba: bamba hupakwa nta, msanii akachora kwa sindano, halafu tindikali ikala pale nta ilipokwanguliwa. Sehemu iliyozibwa mapema hutoa mstari hafifu; iliyoachwa iliwe zaidi hutoa mstari mzito, mweusi. Hivyo ndivyo mchoraji wa aina hii anavyoweza kuipa miti ya mbele uzito na kuuacha upeo wa mbali ufifie kama ukungu wa alfajiri, bila tone la rangi ila wino.

Jaribu kuanza na bahari, ndipo umrudie fahali.