Kuchomoa waya hakubadilishi propela

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja: propela ambazo pembe ya mapanga yake hurekebishwa, na sheria za Marekani kuhusu ndege nyepesi za michezo. Sababu naielewa. Sheria imebadilika, na uvumi umesambaa haraka kuliko sheria yenyewe. Nimechagua barua chache. Unapoandika, tafadhali taja ndege imesajiliwa nchi gani na hati yake ni ya aina gani. Bila hayo mawili sina la kukujibu.

Kabla ya kanuni mpya, kama ningechomoa waya wa propela yangu inayogeuza mapanga kwa umeme na kuacha mapanga kwenye pembe moja, si ingehesabika kuwa ya pembe isiyobadilika?

Isingehesabika. Swali hili limenijia kwa kila sura: kuchomoa waya, kutoa fyuzi, kufunga swichi kwa gundi ya karatasi, kuahidi kutoigusa. Tafsiri ya ndege nyepesi za michezo iliyoanza kutumika 1 Septemba 2004 ilitaka uzito wa kuruka usiozidi kilo 600 (650 kwa ndege za majini), viti visivyozidi viwili, injini moja ya pistoni, kasi isiyozidi noti 120, yaani kama kilomita 222 kwa saa, na propela ambayo pembe yake haibadiliki au hurekebishwa ndege ikiwa chini tu. Sheria ilitazama ndege ilivyoundwa, haikutazama nia ya rubani. Waya uliochomolewa saa mbili asubuhi hurudishwa saa tatu, na mkaguzi analijua hilo.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo wengi hawakulisoma: ndege ilipaswa kuwa imekaa ndani ya mipaka hiyo mfululizo tangu ilipopewa hati yake ya kwanza. Waulizeni wenye Ercoupe, ndege ndogo ya zamani ya viti viwili. Ercoupe 415-C, yenye uzito wa pauni 1,260 (kama kilo 572), iliingia vizuri kabisa. Iliyobadilishwa kuwa 415-D, ya pauni 1,400 (kama kilo 635), ilitoka, na hata ukirudisha kila kitu kilivyokuwa, haikurudi tena kundini. Kwa propela mambo yalikuwa yale yale. Aliyefunga propela ya kurekebishwa angani, akaiendesha wiki moja kisha akaitoa, alikuwa ameiharibia ndege historia yake. Watu wamenunua ndege kuukuu kwa bei nzuri bila kufungua vitabu vyake vya matengenezo, wakaja kugundua ukweli huo wakati fedha zimekwisha kutoka. Vitabu vya matengenezo visomwe vyote, kuanzia ukurasa wa kwanza, kabla ya malipo yoyote.

Na zile propela za zamani zinazojigeuza zenyewe, ambazo rubani hana wenzo wowote wa kuzigusa?

Unazungumzia Aeromatic na jamii yake za miaka ya 1940. Pembe ilibadilika angani, hivyo chini ya tafsiri ya 2004 hazikuruhusiwa. Nani anaibadilisha halikuwa swali.

Nimesikia sasa mwenye cheti cha rubani wa michezo anaruhusiwa propela ya kurekebishwa angani. Ni kweli?

Ni kweli, kwa sharti. Kanuni mpya za Marekani, zinazoitwa MOSAIC, zilitangazwa Oshkosh, Wisconsin, 22 Julai 2025, na sehemu inayohusu marubani ikaanza kutumika 22 Oktoba mwaka huo huo. Kwa rubani wa michezo kipimo kikuu sasa ni kasi ya chini kabisa ambayo ndege bado inajibeba bila msaada wa flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua: isizidi noti 59. Ndege yaweza kuwa na viti vinne, lakini abiria ni mmoja tu. Propela ya kurekebishwa angani na magurudumu ya kukunjwa vimeruhusiwa, mradi upate mafunzo ya kifaa hicho na mkufunzi aweke sahihi kwenye logibuku yako, kitabu cha kumbukumbu zako za urubani. Sehemu inayohusu utengenezaji na uhalalishaji wa ndege ilipewa tarehe yake ya pekee, 24 Julai 2026. Usichanganye hizo mbili: moja inasema wewe unaweza kurusha nini, nyingine inasema kiwanda kinaweza kuuza nini chini ya jina hilo.

Hapa sitapita haraka, kwa sababu barua tatu zimetumia maneno "sahihi tu". Hiyo sahihi ndiyo roho yako. Cheti cha rubani wa michezo kinaanzia saa 20 za mafunzo, cha rubani binafsi saa 40, na tofauti hiyo ilikubalika mwaka 2004 kwa sababu ndege zenyewe zilikuwa sahili: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye nguvu ya injini. Ukiongeza wenzo wa propela unaongeza mpangilio unaotakiwa ukae mwilini. Ukitaka nguvu zaidi, propela kwanza ipelekwe kwenye mizunguko ya juu, kisha nguvu. Ukipunguza, nguvu kwanza, kisha propela. Kosa linalonitisha ni hili: rubani amekuja kutua akiwa ameacha propela kwenye pembe kubwa ya safari, ng'ombe wanaingia uwanjani, anasukuma nguvu yote ili apande tena. Injini inanguruma lakini ndege haipandi kama alivyozoea, na miti iko mbele. Mkufunzi mwema atakufanyisha zoezi hilo mara nyingi, juu sana, kabla hajashika kalamu. Anayekupa sahihi baada ya mzunguko mmoja wa uwanja amekuuzia wino. Mkatae, tafuta mwingine.

Pia uliza propela yako hufanya nini umeme ukikatika au mafuta ya gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko ya propela, yakivuja. Baadhi hubaki zilipo, baadhi hukimbilia pembe ndogo na kuacha injini izunguke kupita kiasi. Jibu limo kwenye kitabu cha propela, nawe unatakiwa ulijue kabla ya kuwasha.

Propela yangu ni ya kurekebishwa chini. Naweza kuirekebisha mwenyewe?

Inategemea hati ya ndege. Ikiwa imetoka kiwandani kama ndege ya michezo iliyokamilika, mwongozo wa matengenezo wa kiwanda unataja kazi na nani anaruhusiwa kuifanya. Ukikuta imeandikwa fundi mwenye cheti, ni fundi. Ikiwa ina hati ya majaribio (experimental), una nafasi kubwa zaidi, na kwa hiyo una nafasi kubwa zaidi ya kujiumiza.

Watu hukosea mara mbili. Kwanza, mapanga hayalingani. Kila panga lipimwe kwa kipima pembe cha kidijitali mahali pale pale palipotajwa na mtengenezaji, yote yafungwe kwa nguvu aliyoandika kwa kutumia spana ya kipimo, na boliti zikaguliwe tena baada ya muda aliousema. Tofauti ndogo ya pembe huzaa mtikisiko, na mtikisiko hula giaboksi kabla wewe hujausikia.

Pili, tamaa. Chukueni Rotax 912 ULS, injini iliyojaa kwenye ndege hizi. Mwisho wake ni mizunguko 5,800 kwa dakika, na hapo isikae zaidi ya dakika tano. Ya kudumu ni 5,500. Giaboksi inapunguza kwa 2.43, kwa hiyo propela yenyewe inazunguka kama 2,390 injini ikiwa mwisho. Anayetaka kupanda kama kombora hupunguza pembe mno, kisha akiwa safarini injini inapita mstari mwekundu. Anayetaka mwendo huongeza pembe mno, akaikaba injini: nguvu yote wazi na mizunguko chini ya 5,200, hali ambayo Rotax wenyewe wanasema iepukwe. Wa pili huyu hasikii kelele yoyote ya ajabu, ndiyo maana ni wa hatari zaidi. Ukirekebisha, pima ukiwa umefunga ndege, magurudumu yamewekewa vizuizi, na asiwepo mtu hata mmoja kwenye mstari wa mapanga, mbele wala pembeni. Mtoto asikaribie kabisa.

Kiwanda kilinipa propela ya kurekebishwa chini. Naweza kuitoa na kuweka ya angani kutoka Airmaster au MT-Propeller?

Bila idhini ya maandishi ya mtengenezaji wa ndege, au ya mtu anayekubaliwa na mamlaka ya anga, hapana. Kwenye ndege hizi mtengenezaji ndiye anayebeba dhamana kwamba bado inafuata viwango, na cheti kizuri cha mtengenezaji wa propela hakichukui nafasi yake. Kiwanda kikikataa, au kikiwa kimefungwa, wengine huhamishia ndege kwenye hati ya majaribio. Fanya hivyo ukijua kwamba hutaikodisha tena, na mnunuzi wa baadaye ataiangalia kwa jicho jingine.

Ni mwendo kiasi gani nitaongeza?

Kidogo kuliko unavyodhani. Faida kubwa iko kwenye kuruka na kupanda. Mwenye uwanja mrefu wa lami na safari za saa moja, fedha yake itumike kwenye mafuta na mkufunzi.

Niko Nairobi. Muuzaji wa Ulaya ananiambia ndege yake ya kilo 600 ina propela ya angani na ni halali. Marekani wanasemaje?

Marekani hawahusiki. Viwango vya Ulaya vya ndege hizi, CS-LSA, vinataka kilo 600, viti viwili, injini moja isiyo ya turbini na kibanda kisichoshindiliwa hewa, wala havikatazi propela ya kurekebishwa angani. Muuzaji anaweza kuwa anasema kweli kuhusu kwao. Lakini herufi za mkiani ndizo zinazoamua: ukisajili 5Y, yaani Kenya, mwenye neno ni KCAA, mamlaka ya anga ya huko, na kwa 5H, Tanzania, ni TCAA. Waandikie ukitaja aina ya ndege, ya injini na ya propela, upate jibu la maandishi kabla ya kutuma hata malipo ya awali. Na uliza nani karibu nawe ana zana na idhini ya kuifungua propela hiyo muda wake wa ukarabati mkubwa ukifika, maana kuisafirisha hadi kwa mtengenezaji Ujerumani au New Zealand na kuirudisha ni gharama ambayo muuzaji hakuitaja.

Na ndege za kuelea hewani (glaida) zenye injini?

Hizo hata tafsiri ya 2004 iliziruhusu propela inayojilaza mapanga yenyewe, yaani kuyageuza yakate upepo kwa ukingo, injini ikizimwa angani.