"Chuo hakihami": jibu kwa mjomba wa shotstopu

Mkuu mleta mada, nilipofika hapo ulipoandika "ajenti kasema dogo asaini tu, chuo hakihami" nimesogeza sahani ya ugali pembeni. Neno kwa neno aisee. Niliambiwa hilohilo Juni 2015, mezani jikoni kwetu Houston, mama kampikia pilau yule msaka vipaji kama vile kaja kuposa.

Kwa wanaopita: mpwa wa jamaa ana miaka 18, anacheza besiboli huku Marekani, nafasi ya shotstopu, yani yule anayesimama kati ya beisi ya pili na ya tatu kuokota mipira ya chini siku nzima. Katajiwa dola 90,000 kama watamchukua raundi ya 17 kwenye drafti ya Julai (pale timu za ligi kuu zinapochagua vijana kwa zamu), na kuna chuo kinampa nusu ada. Jamaa anauliza hela inatosha au la, dogo ahamie beisi ya pili au abaki, maisha ya ligi ndogo (zile za chini unakopikwa kabla ya ligi kuu) yakoje, na ligi kuu atafika?

Hela kwanza, maana ndiyo iliyonimaliza. Mimi nilichaguliwa raundi ya 27. Usiitafute, haipo, enzi hizo drafti ilikuwa na raundi 40 sahivi ni 20, yani hata mlango nilioingilia wameshauziba kwa tofali. Dau la usajili dola 40,000. Mtoto ambaye mama yake anasafisha maofisi usiku ukimtajia elfu arobaini, hesabu gani nyingine atapiga? Kodi ikala robo, mshauri akachukua asilimia 5 (tuliambiwa tumwite "mshauri", kwa sheria za kipindi kile ukishakuwa na ajenti anayekuongelea na timu, chuo ndio basi), ikabaki 28,000. Pikapu mtumba 17,000. Bati za nyumba ya bibi Moshi. Iliyobaki waulize wauza viatu.

Sasa nisikilize. Mkataba wa kwanza wa ligi ndogo una kitu kinaitwa mpango wa masomo. Timu inakubali kulipia mihula fulani ya chuo, kiasi kinaandikwa, siku ukitemwa una miaka miwili ya kuanza shule na wao wanalipa. Lakini ni mkataba wa KWANZA. Ukisaini bila hicho kipengele huwezi kurudi mwaka wa tatu na macho ya huruma eti jamani niongezeeni, na besiboli ya chuo nayo huchezi tena maana umeshakuwa mchezaji wa kulipwa. Nilikuwa na chuo kinanipa asilimia 40 ya ada, na usicheke, miaka ile timu nzima ya besiboli ya chuo cha daraja la kwanza ilikuwa inagawana ufadhili kamili 11.7, sijakosea kuandika, kumi na moja nukta saba kwa vijana zaidi ya ishirini. Asilimia 40 ilikuwa mali. Niliitupa.

Kwenye karatasi yangu sehemu ya masomo palikuwa na mstari tu umechorwa kwa kalamu. Nikauliza hii ni nini. Mshauri akaweka kidole gumba juu yake akasema hayo ni mambo ya wanaopanga kushindwa, wewe unapanga kushindwa? Mbele ya mama! Mama akanitazama, nikasema hapana, kidole kikafunua ukurasa. Nakikumbuka kile kidole kuliko mechi zangu zote, kilikuwa na mafuta ya pilau. Na sio kwamba alikuwa hajui, alijua vizuri sana, ila kubishania masomo kungechelewesha usajili na yeye asilimia yake inatoka kwenye dau, kwenye ada ya shule hapati kitu. Popote alipo natumaini AC yake imekufa na fundi pekee wa karibu ni mimi.

Nikacheza misimu minne. Mwaka wa kwanza dola 1,100 kwa mwezi, na mwezi ulikuwa wa msimu tu, mazoezi ya Machi tulikuwa hatulipwi mshahara tunapewa hela ya kula. Tulilala watano nyumba ya vyumba viwili. Wachezaji walishtaki kwa mambo hayo, kesi ikamalizwa 2022 kwa dola milioni 185, mgao wangu ukatosha matairi manne na chenji kidogo ya mishikaki.

Machi 2019, Florida, saa moja kasoro asubuhi, navaa soksi, kocha msaidizi akasimama mlangoni akasema meneja anakuita. Hapo hakuna anayekutazama, kila mtu ghafla ana glavu ya kupaka mafuta. Dakika tatu nikawa nimetemwa, nimerudi na mfuko mweusi wa takataka nakusanya vitu vyangu. Siku hiyohiyo wakamtema niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, kijana wa Georgia, beisi ya tatu, anapiga vibaya kuliko mimi (mimi wastani wangu wa kupiga ulikuwa 0.219, yani hit kama mbili tu kwa kila mara kumi, kwahiyo piga picha). Anakunja jezi huku anaimba. Akaniuliza, "Wewe muhula wako unaanza Agosti au Januari?" Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Yule leo ni mhandisi. Mimi nilisoma ufundi wa AC jioni, mchana nabeba maboksi ghalani, na deni la shule ninalo hadi leo. Sina ubaya na AC, Houston hii hukosi kazi, ila ningeweza kuipata bila deni.

Kuhusu kufika ligi kuu: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa eneo la beisi kama huyo dogo, alisaini na timu ya Pirates 2008. Alipanda lini? Tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, zamu yake ya kwanza kupiga akapata hit, yani kaupiga na kufika beisi salama, kwa mrushaji Jon Lester. Nililia kama mjinga siku ile. Halafu mwaka ule alicheza mechi 28 tu. Miaka yote ile ya kusubiri, mechi 28, na huyo ndiye aliyefanikiwa. Dogo awe kiraka, beisi ya pili, ya tatu, popote, Ben Zobrist alizunguka karibu uwanja mzima na akawa mchezaji bora wa fainali za 2016, na yeye alichaguliwa 2004 akiwa katoka chuo. CHUO mkuu.

Siku hizi timu zinatoa malazi tangu 2022, mishahara nayo imepanda sana, sitaki kuwatisha. Na hiyo 90,000 sio mwisho wao, baada ya raundi ya 10 wanaweza kufika 150,000 bila kugusa bajeti yao ya drafti, kwahiyo wakisema hela hamna ya kuongeza ujue kuna kidole gumba mahali.

Ulikuwa umeuliza na kitu kingine sikumbuki. Mwambie ajenti akutumie ule ukurasa wa masomo umejazwa kiasi kwa kila muhula, sio ahadi ya mdomo, funika majina uuweke hapa kabla dogo hajashika kalamu. Niko shifti ya usiku ila simu inashika.