Betri ya tela haijai njiani? Pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Wakuu mnaovuta matela ya kambi, msimu ukianza tu hapa Arusha swali ni lile lile: mtu kafunga friji kwenye tela, betri mpya ya 100Ah, kaondoka asubuhi, kapita Makuyuni, Karatu, kaingia Seronera, Serengeti, jioni, injini imeunguruma kutwa nzima, halafu saa nne usiku friji imezima. Anarudi mjini anawaza betri nyingine. Subiri kwanza, tafuta mita.

Washa gari, friji ikiwa inafanya kazi, pima kwenye betri ya gari utakuta kama volti 14.2, nenda sasa kapime kwenye betri ya tela. Ukikuta 12 na ushee basi betri haina kosa, umeme unaishia njiani. Mafundi wengi huwa wanadandia ule waya wa taa za tela, milimita 1.5 za mraba, unaenda nyuma mita saba na ethi (waya wa hasi) inarudi mita saba, hapo ukivuta ampea 10 tu unapoteza volti moja na nusu au zaidi, na betri ya asidi ili ijae inataka 14 na kitu pale pale ilipo, sio pale kwenye boneti. Kinachofika friji inakila chote.

Weka waya wa milimita 16 za mraba, hata ukivuta ampea 20 unapoteza kama 0.3 tu. Ule waya laini wa mashine ya kuchomelea unafaa sana kwa sababu haukatiki ovyo kwenye mitetemo ya barabara ya kule Naabi, getini Serengeti. Na ethi ivutwe kwa waya wake kamili, usitegemee bolu ya kuvutia tela, pale ni grisi na vumbi tupu. Plagi tumia Anderson ya ampea 50, fyuzi weka mbili, moja karibu na kila betri, maana waya ukichubuka katikati moto unaweza kutoka upande wowote. Fundi akikwambia moja inatosha mkatalie.

Halafu kuna rilei ya kutenganisha betri, inaunga volti zikifika kama 13.3 na inaachia zikishuka, bila hiyo friji itanyonya mpaka betri ya gari na asubuhi mtasukuma mbele ya wageni. Land Cruiser zetu za injini ya dizeli ya 1HZ alteneta zake ni za kawaida, rilei inatosha. Ila gari mpya ambazo kompyuta inashusha volti za alteneta, au ukiweka betri ya lithiamu, hapo nunua chaja ya DC-DC, ile inayokaa kati ya betri mbili na kurekebisha volti na ampea, bei imechangamka lakini hakuna ujanja mwingine, lithiamu inavuta ampea nyingi mno inaweza kuchemsha alteneta.

Kitu kingine watu wanasahau, mkishafika kambini gari linaenda game drive na tela linabaki! Hapo halichajiwi na chochote. Na betri ya asidi ikishafika asilimia 80 hivi inapokea polepole, vile visafari vifupi haviijazi. Kwa hiyo siku za kukaa weka sola, tela libaki kivulini friji isihangaike, paneli iwe juani kwa waya mrefu, nao uwe mnene.