Kwa viongozi wa vyuo vikuu: sera ya jinsia mnayo, sasa shikeni ratiba

Mwaka 2025 sherehe ya kitaifa ya Siku ya Wanawake Duniani ilifanyika hapa jirani, Arusha, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Wenzetu wengi wa vyuoni walishona vitenge vya sare wakaenda, na ni jambo jema. Msichana wa mwaka wa kwanza akiwaona viongozi wake wamesimama hadharani kwa ajili yake, anapata imani kwamba chuo ni chake pia. Mimi leo naomba kuzungumza na viongozi hao kuhusu miezi mingine yote ya mwaka.

Nimefundisha chuo kikuu hapa Moshi kwa muda mrefu. Nimekaa kwenye kamati za mitihani, za ajira na za nidhamu, nimewahi kuwa mkuu wa idara. Nimeona chuo kikiwa na sera nzuri ya jinsia, Baraza limeipitisha, imechapwa kwa jalada la rangi, na bado wahadhiri wanawake wanaacha kazi au wanazeeka kwenye daraja moja. Ukifuatilia kwa nini, utajikuta kwenye mambo ya kawaida kabisa: ratiba, kamati, na njia anayopita mtu mwenye malalamiko. Yote hayo yako chini ya sahihi ya kiongozi, na mengi hayahitaji mfadhili.

Mhadhiri msaidizi mmoja wa idara yetu alirudi kutoka likizo ya uzazi na mtoto bado mchanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na akirudi inamtaka mwajiri ampe nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Hakuna mtu aliyemnyima haki hiyo kwa mdomo. Ratiba ndiyo iliyomnyima: kipindi cha kwanza saa moja asubuhi, cha mwisho saa kumi na moja jioni, katikati hana kitu, na nyumbani kwake ni Kiboriloni, daladala mbili. Akawa anakamua maziwa kwenye stoo ya idara, amekalia boksi la vijitabu vya mtihani, kiti kimeegemezwa mlangoni kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Chupa aliihifadhi kwenye friji ya katibu muhtasi, nyuma ya soda za wageni, ameizungushia gazeti ili watu wasijue ni nini.

Nilikwenda ofisi ya ratiba. Mhusika ni kijana mstaarabu. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akafungua kompyuta. Kwenye orodha yake walikuwepo walimu ambao vipindi vyao vyote vimebanwa Jumatatu hadi Jumatano, na wote walikuwa wanaume. Nikamuuliza sababu. "Hawa, mwalimu, wanafundisha na Arusha. Walileta maombi mapema." Na huyu mama? "Yeye hakuleta ombi." Sikuona ubaya wowote moyoni mwake. Ratiba ilikuwa inabadilika muda wote, ila kwa wale tu wanaojua kwamba inaombeka. Vipindi vya yule mama tulivihamisha siku ileile, na hakuna mwanafunzi aliyeathirika.

Kwa hiyo, Makamu Mkuu wa Chuo, usimwachie mama mwenye mtoto wa miezi mitatu aende kuomba kama anaomba hisani. Andika waraka mmoja: mwalimu mwenye mtoto anayenyonya apangiwe vipindi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, labda mwenyewe aseme anataka vingine. Mpe haki hiyohiyo baba anayelea peke yake, na yeyote anayeuguza mgonjwa nyumbani. Sheria inampa baba siku tatu tu za likizo mtoto akizaliwa. Chuo kinachotaka kumwongezea hakikatazwi, na mkewe naye ni mfanyakazi wa mahali fulani.

Kuna na suala la saa za vikao. Kikao kinaitishwa saa kumi jioni kwa sababu mwenyekiti alikuwa na wageni mchana. Saa kumi na mbili walezi wa watoto wanaanza kutazama simu chini ya meza, mmoja mmoja wanaomba udhuru, wengi wao wanawake. Ajenda inafika kwenye "mengineyo" saa moja usiku. Nimeshuhudia nani ataenda masomoni, nani atakaimu ukurugenzi na nani ataingia kwenye timu ya mradi vikiamuliwa kwenye mengineyo, watu wamebaki sita na wote wanafahamiana. Kiongozi akiagiza kwamba hakuna kikao kinachoanza baada ya saa nane mchana, na kwamba uteuzi wowote haujadiliwi bila kuwa kwenye ajenda iliyosambazwa, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko semina nzima ya uhamasishaji.

Kwenye vyeo, mambo yanakwenda taratibu na kwa heshima, ndiyo maana ni vigumu kuyaona. Mhadhiri hupanda daraja kwa machapisho. Sasa angalia nani anaandika kumbukumbu za vikao, nani yuko kwenye kamati ya majoho na chakula cha mahafali, nani ni mshauri wa wanafunzi wanaolia ofisini. "Dada, wewe unatusaidia kuandika, eti?" Anaandika. Mwaka ujao anaandika tena. Kazi hizo chuo hakiwezi kuendeshwa bila hizo, lakini hazimpeleki mtu kwenye uprofesa. Mwenzake aliyeajiriwa naye siku moja amekaa na makala yake Jumamosi nzima na sasa ni mhadhiri mwandamizi.

Dawa yake ni karatasi moja. Mwambie mkurugenzi wa rasilimali watu akuletee orodha ya wanataaluma wote: jinsia, mwaka wa kuajiriwa, mwaka aliopanda mara ya mwisho, kamati alizomo. Usisome jumla ya chuo. Jumla huficha ukweli, kwa sababu fani za ualimu na ustawi wa jamii zinaweza kujaza wanawake huku kompyuta na uhandisi wakihesabika kwa vidole. Soma idara kwa idara. Halafu waite waliokwama, mmoja mmoja, uwaulize kinachowakwamisha. Utasikia mengi ambayo hayajawahi kuandikwa kwenye fomu yoyote. Uandishi wa kumbukumbu uwe wa zamu, maprofesa wanaume wakiwemo. Na anayerudi kutoka uzazi apunguziwe somo moja kwa semista moja ili arudi kwenye utafiti wake. Hiyo ndiyo zawadi yenye thamani kuliko kanga.

Jibu ninaloletewa mara nyingi ni kwamba "wanawake hawakuomba nafasi" au "wasichana wenye sifa hawapo." Kwa mkoa huu hoja hiyo sikubaliani nayo kabisa. Kilimanjaro ina Ashira, ina Machame, ina Weruweru iliyoongozwa miaka mingi na Mama Maria Kamm, shule zilizotoa wasichana waliokwenda kushika ofisi nchi nzima. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari wa tiba, alifika hadi umakamu mkuu wa chuo. Profesa Verdiana Masanja alipata shahada ya uzamivu ya hisabati miaka ya 1980, Mtanzania wa kwanza mwanamke kufanya hivyo. Wenye uwezo hawajawahi kukosekana. Na pale ambapo njia ilikuwa nyembamba kweli, viongozi waliipanua. Makerere mwaka 1990 iliamua kuwaongezea wasichana pointi 1.5 kwenye udahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho mwishoni mwa miaka ya 1990 kilianza mafunzo ya awali kwa wasichana waliopungukiwa alama za kuingia sayansi, wakanolewa kisha wakaingia. Ule ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani wakasema hali hii hatuikubali. Tangazo la kazi likirudi bila jina la mwanamke hata moja, liongeze muda, nyanyua simu, waulize wakuu wa idara wa vyuo vingine wanamfahamu nani. Wanaume tumewatafuta hivyo siku zote.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote.

Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake, enzi za maandishi ya ukutani yaliyoitwa Punch. Wakubwa wenzangu wanalikumbuka. Leo ukuta umehamia kwenye makundi ya WhatsApp, na shinikizo linatoka pia kwa mwalimu mwenye alama mkononi. Sheria haina utata hapa: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU wana ofisi Moshi na Arusha. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, yaani ofisi ya kupokea malalamiko ya aina hii. Swali langu kwa kiongozi ni moja: umewahi kutembea kwa miguu kutoka hosteli ya wasichana hadi kwenye dawati hilo?

Mimi nilitembea. Chuo nisichokitaja kilikuwa kimeliweka dawati kwenye korido ya wahadhiri, kibao kikubwa mlangoni, mkabala na ofisi za walimu ambao huenda ndio wanaolalamikiwa. Siku moja nilimwona binti na faili kifuani. Alipita, akafika mwisho wa korido, akarudi, akasoma kibao, mlango wa pili ukafunguliwa na mwalimu akatoka na kikombe cha chai, binti akashuka ngazi. Sikumwona tena pale. Dawati liwe karibu na zahanati au maktaba, mahali ambapo mtu anaweza kuingia kwa sababu yoyote ile. Msimamizi wake asiripoti kwa mkuu wa idara yoyote. Mlalamikaji aambiwe tarehe atakayopata jibu, na apate jibu tarehe hiyo.

Ila dawati linashughulikia maumivu yaliyokwishatokea. Linalozuia ni utaratibu wa mitihani na usimamizi wa tafiti. Karatasi ziwe na namba, jina lisionekane. Alama za kosiweki, yaani za kazi na majaribio ya darasani, zibandikwe kwa wakati ili mwanafunzi asilazimike kumfuata mwalimu ofisini jioni kuuliza supu (mtihani wa marudio) imetoka wapi. Mwanafunzi aruhusiwe kubadilisha msimamizi wa utafiti mara moja bila kueleza sababu. Hili la mwisho hupingwa sana, nimelisikia likipingwa, na wanaolipinga husema wanafunzi watalitumia vibaya. Wachache huenda wakafanya hivyo. Mimi naona ni gharama ndogo mno kulinganisha na binti anayefutiwa mwaka kwa sababu alikataa kwenda hoteli. Na mwalimu anayetuhumiwa asikilizwe kwa haki, lakini wakati anasikilizwa asiendelee kushika karatasi za aliyemtuhumu.

Wapo wanaosahaulika hata na sisi tunaojiita watetezi. Binti wa kifugaji kutoka Monduli au Ngorongoro, wa kwanza kwao kufika chuo, hosteli ikifungwa wakati wa likizo hajui aende wapi, maana akirudi boma anaweza kukuta mahari imeshazungumzwa. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu ambaye choo cha wanawake kiko ghorofa ya pili. Kijana wa kiume anayesoma uuguzi na kuchekwa wodini. Waambie washauri wa wanafunzi wakuletee majina ya wasio na pa kwenda kabla hosteli hazijafungwa.

Fedha nazo zina majira yake. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, vyuo vya umma vinajenga madarasa, maabara na hosteli. Kwenye ramani iliyo mezani kwako omba kuona chumba cha kunyonyesha chenye kitasa, sinki na friji, vyoo vyenye maji na pipa la taulo za kike kila ghorofa, na taa za njia ya kutoka maktaba. Mhandisi akisema vitaongezwa baadaye, rudisha ramani. Na kwa yale yasiyo ya ujenzi, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, wakuu wa idara wanakusanya maombi yao miezi kadhaa kabla. Dawati la jinsia lipewe kasma yake lenyewe kwenye bajeti, hata kama ni ndogo, ili msimamizi wake asiende kuomba nauli kwa mtu ambaye kesho atalazimika kumchunguza.