Rangi peke yake haimzuii mtu: jibu kuhusu njia za baiskeli Dar

Mleta mada umeuliza kwa nini wasichore tu mstari pembeni ya barabara, wenye baiskeli wapite hapo, yaishe. Mi natoka Kimara naenda Kariakoo kwa baiskeli mwaka wa tisa sasa, ngoja nikwambie ninachokiona.

Rangi haimzuii mtu bana. Daladala akiona abiria kashaingia, foleni ikikaza bodaboda wote wamo humo, na gari likipaki pale mlango ukifunguliwa unakula karibu mita nzima, we unachomokea katikati ya barabara ambako watu wanatembea 50 kwa saa, tena hao ndo wanaotii kibao. Na ujue gari la 60 halikugongi mara mbili ya la 30, nguvu yake ni mara nne. Kwa hiyo barabara kubwa weka ukingo wa zege kabisa, mitaa ya ndani kama ile ya Kariakoo weka matuta mwendo ushuke watu wachanganyike tu, huko hamna haja ya njia maalumu.

Mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yake peke yake, awamu ya kwanza ilipoanza 2016 Morogoro Road ilishapata njia ya baiskeli kandokando, na 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri. Sio mbaya, kuna vipande napita raha kabisa. Shida inaanza pale mtaa wa pembeni unapoingia, njia inakatika, unashuka, unapanda, na mwenye gari anayekata kushoto wala hana habari na wewe. Mi nilipigwa hivyo, taksi ikanikatia mbele, kiwiko kikachubuka ringi ikapinda kama chapati. Dereva akasema hajaniona na namwamini, maana kwenye kona kulikuwa na meza ya matunda na bodaboda kama sita wamejipanga, angenionea wapi? Pale dawa ni njia ya baiskeli ivuke ikiwa juu vilevile, gari ndo lipande tuta, kona yenyewe ibanwe ili huwezi kuikata ukiwa na mwendo, na mita kadhaa kabla ya kona pasikae kitu.

Kuna mdau juu kasema viwekwe vinguzo kuzuia bodaboda. Kaka, baiskeli ya mkaa yenye magunia mawili ni pana kuliko usukani wa bodaboda! Ukimzuia bodaboda umemzuia muuza mkaa na wa mikate, na hao ndo wenye baiskeli wa mji huu, sio sisi wa helmeti. Wapimie bodaboda kijiwe chao cha kueleweka karibu na kituo, wengi watakaa huko kwa sababu abiria wako huko.

Kwenye vituo vya daladala nako, pitisha njia nyuma ya kituo, abiria ashukie upande wa barabara, konda asikufungulie mlango usoni.

Halafu mifuniko ya mitaro jamani. Nondo zikilazwa kufuata njia, tairi jembamba linazama lote, nimeona mzee karuka juu ya usukani mchana kweupe. Kuzigeuza zikatishe njia ni kazi ya fundi wa kuchomelea mmoja, nusu siku.