Maji puani si mafua: maswali yenu wiki hii

*Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alianguka na bodaboda wiki mbili zilizopita. Anatokwa maji tundu moja la pua, hasa akiinama. Dukani wamempa vidonge vya mafua. (Morogoro)*

Marahaba. Mafua hayachagui tundu. Maji meupe yenye ladha ya chumvi kooni, baada ya kichwa kugongwa, yanaweza kuwa maji ya ubongo yanayovuja kwenye ufa wa fuvu. Yanapotokea ndipo bakteria wanapoingilia na kuleta homa ya uti wa mgongo, yaani uambukizo wa utando wa ubongo. Mara nyingi huziba yenyewe ndani ya wiki. Ya kwake imepita. Mpeleke leo penye CT-skani (picha ya ndani ya kichwa), na asipenge kwa nguvu.

*Nimpe amoksilini ya kujikinga? (Wengi sana)*

Hapana. Nimechoka kulijibu hili. Tafiti hazijaonyesha kwamba inasaidia, ila unaua vijidudu dhaifu na kuwaachia uwanja wababe.

*Baba alipasuliwa kichwa baada ya ajali. Homa imerudi, shingo imekaza. Siku sita za seftriaksoni, hakuna nafuu. Madaktari wanataka kumchoma sindano ya mgongo, ndugu wanakataa: atapooza! (Tabora)*

Sindano huchomwa kiunoni, chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa uti wa mgongo unapoishia, na kuvuta maji yale yale ya ubongo. Waambie hivyo, halafu waulize: bila maji hayo, tunatibu nini? Ya mtu mwenye afya ni maangavu. Yenye usaha hufanana na maji ya kuoshea mchele. Huoteshwa maabara ili kijidudu kijulikane, na dawa inayokimudu.

Baada ya upasuaji bakteria wanaosumbua ni Staphylococcus, Klebsiella, Pseudomonas na Acinetobacter. Seftriaksoni haimwezi Pseudomonas hata ukizidisha chupa. Ndiyo maana huanzwa vankomisini pamoja na meropenemu au seftazidimu, kisha majibu ndiyo yanayoamua. Acinetobacter akigomea meropenemu, mara nyingi hubaki kolistini, nayo kwa mshipa haifiki vizuri kwenye ubongo. Huingizwa pia moja kwa moja kwenye maji ya ubongo, huku figo zikichungwa. Hesabuni kama wiki tatu za dawa. CT ikitakiwa kabla ya sindano ya mgongo, sawa, lakini dawa isiingoje. Na anayebadilisha antibiotiki kila asubuhi bila kuotesha chochote, mwulizeni anafuata nini.

*Ugonjwa huu unaambukiza? Tumhamishe chumba? (Tanga)*

Huu wa majeraha si ule wa milipuko. Kaeni naye. Ila naweni mikono mkiingia na mkitoka. Wale sugu wa wodini husafiri kwa viganja.

*Mgonjwa karuhusiwa, tumebakiwa na vichupa viwili vya meropenemu. Jirani ana homa. (Jina limehifadhiwa)*

Rudisheni famasia. Jirani akapime malaria.